Mgeni Aliyenihoji

Jumamosi, karibu na magharibi. Mvua iliyoanza alfajiri imekoma sasa hivi. Njia ya mbele ya nyumba yangu ni tope tupu, na viatu vyangu viko nje vikisubiri nivihurumie. Vitasubiri. Vidole vyangu vinanuka karanga mbichi, na hamu ya kuandika imezidi hamu ya kunawa.

Leo nina furaha. Nina aibu kidogo pia, lakini furaha ndiyo iliyokaa mbele, kwa hiyo nitaandika yote mawili bila kuficha.

Nianze kwa kujisifu, maana blogu ni yangu. Mimi najua kupokea watu. Kikundi chetu kinafanya kazi Namuwongo, kwenye vile vyumba vya kupanga vilivyobanana kando ya reli. Hatuna ofisi wala gari. Tuna watu wa kujitolea tu, wanaogonga milango na kuwasaidia wapangaji waweke kwenye karatasi wanaishi wapi, tangu lini, na nani. Tunafanya hivyo ili siku mwenye ardhi atakapoleta watu wa kuvunja, asipatikane mtu wa kusema kwamba hapa hapakuwa na watu. Na mtu mpya akitaka kujiunga nasi, analetwa kwangu. Miaka sita sasa ni kazi yangu. Nimepokea wanafunzi wa chuo, mafundi, wake wa wachungaji, na mwanamume mmoja aliyekuja kwa sababu alidhani tunagawa vyandarua. Huyo naye alibaki.

Nina utaratibu wangu. Tunakutana Jumamosi katika shule ya chekechea, ambako mwenye shule anatuazima darasa moja. Tunakaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu, chini ya picha za twiga na herufi. Mimi husimama mlangoni, nikamsalimu kila mgeni kwa jina lake, nikampa chai ya tangawizi na andazi. Kisha tunakaa duara, na kila mgeni anaeleza kilichomleta. Nami naandika. Nina daftari moja gumu, jeusi, zito kama tofali. Kila aliyepita mikononi mwangu yumo humo, kwa maneno yake mwenyewe.

Nililipenda sana daftari lile.

Mazoea hayo niliyapata nyumbani. Baba yangu alikuwa askari polisi, mtu wa kaskazini, wa Kitgum, na mimi nimekulia kambini, upande wa Nakawa, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya uwanjani na ya jikoni kabla hakijawa lugha yangu ya kuandikia hapa. Baba hakupenda kuandika. Mwandiko wake ulikuwa kama wa mtu aliyepanda bodaboda. Nilipofika darasa la sita alianza kunikalisha mezani jioni, akanisomea maelezo aliyochukua kazini, mimi nikayaandika upya vizuri. Alinifundisha kuandika maneno ya mtu jinsi alivyoyasema, bila kupamba wala kupunguza. Nilijivuna kweli. Hadi leo mtu akianza kusema jambo la maana, mkono wangu unatafuta kalamu wenyewe.

Sasa nije kwenye kilichotokea.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumamosi, nilipata wageni watatu. Wa kwanza alikuwa Patience, mwanafunzi wa sheria, mwenye miwani na maswali mengi. Wa pili alikuwa fundi wa redio ambaye simwelezi zaidi kwa sababu hakurudi, na kwake sina lawama, alipata kazi Jinja. Wa tatu alikuwa Mama Neema.

Mama Neema ni Mkongomani, ametoka Bukavu, anakaribia miaka hamsini. Anauza sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwenye safu ya vyumba vya chini kabisa, pale ambapo maji hufika kwanza. Safu ile karibu yote ni Wakongomani. Na ndiyo safu pekee ambayo kwa mwaka mzima haijatufungulia mlango. Tukigonga, redio inazimwa ndani. Mimi mwenyewe nimesimama pale nikizungumza na pazia. Kwa hiyo mama huyu alipoingia darasani kwetu kwa miguu yake mwenyewe, bila kuitwa na mtu, nilihisi kama nimeshinda bahati nasibu. Nilimpa maandazi mawili.

Zamu yake ilipofika kwenye duara, alianza vizuri. Alisema jina lake. Alisema wametoka Bukavu na watoto wanne. Alisema walipita kwanza mahali fulani mpakani, akapataja. Mimi nilikuwa nimeinama, naandika mbio, maana sauti yake ilikuwa ya chini na sikutaka hata neno moja linipite. Nilipoinua uso, alikuwa anatazama kalamu yangu.

“Na jina yangu unaandika?” aliniuliza.

Nilimjibu kwa moyo mkunjufu kabisa. Nilimwambia ndiyo mama, usijali, kila unachosema kimo humu, hakipotei.

Alitabasamu. Akasema ameacha chungu motoni. Alijifunga kitenge chake vizuri, akamshukuru kila mtu kwa mkono, akatoka. Chai yake ilibaki kwenye kiti, imejaa.

Na mimi, Mungu anisamehe, niliangalia saa nikaandika: Ameondoka saa nne na dakika ishirini.

Aliyenikemea alikuwa Nalongo. Nalongo ni mama wa mapacha, anauza mkaa, na yumo kikundini tangu siku ya kwanza, kabla yangu. Ananipenda na hanionei haya. Alingoja wageni waondoke, akakaa kwenye kiti cha mtoto kinachomlilia kila akikikalia, akaniambia mbele ya Patience, aliyebaki kukusanya vikombe: “Akello, wewe nafanya nini? Mutu nakuja kusaidia, wewe naandika yeye kama polisi. Banange! Hata mimi nawezaga kimbia.”

Nilibisha. Nilimweleza kwamba kumbukumbu ni muhimu, kwamba nimepokea watu wengi kwa njia ile ile na hakuna aliyelalamika. Nalongo alisema waliolalamika hawakurudi kuniambia. Nilikasirika, nikafunga mlango wa darasa kwa nguvu, twiga mmoja akaanguka ukutani.

Kilichonitia homa ni kwamba siku zilikuwa zinakwenda. Barua ya mwenye ardhi imeshafika mtaani, na wapangaji wameitwa kwenye mkutano na wakubwa wa divisheni, ile serikali ya eneo letu, Alhamisi ijayo. Tuliambiwa wazi kwamba watakaosikilizwa ni wale walio kwenye orodha, nyumba kwa nyumba, kwa majina. Safu zote za juu zimekwisha. Safu ya chini, vyumba thelathini na kitu, karatasi yake ilikuwa nyeupe. Na aliyeweza kuijaza nilikuwa nimemfukuza kwa kalamu.

Lakini wakati ule sikulisema hivyo. Nilisema amekosa moyo. Nakiri hapa. Nilimpigia simu mara tatu, hakupokea. Nilimwandikia ujumbe mrefu wenye maneno “tunakukaribisha tena kwa mikono miwili”, nikausoma mara nne kwa kupendezwa nao. Hakujibu. Nikamtuma Patience kwenye safu ya chini na karatasi. Alirudi na viatu vimelowa na jibu moja, la mbwa aliyembwekea. Jumamosi iliyofuata niliweka kiti cha Mama Neema karibu na changu, na chai yake. Chai ikapoa, nikainywa mwenyewe.

Jumatano ya wiki hii niliamua kwenda. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitunga hotuba ya kuomba radhi yenye mwanzo, katikati na mwisho, na njiani niliirudia moyoni hadi ikawa laini. Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Sijui nililibeba la nini, labda kwa sababu nisipolibeba nahisi bega moja limepanda.

Nilimkuta mbele ya chumba chake, kinu katikati ya miguu, rundo la majani ya muhogo pembeni, kubwa kuliko mtoto aliyelala. Nilifungua mdomo nianze hotuba. Hakunipa nafasi.

“Ikala,” alisema, akanisogezea kigoda. Nilikaa. Akanimwagia majani mapajani. “Utoe vijiti. Majani tu njo tunatwanga.”

Basi nikaanza kuchambua. Unashika bua, unavuta jani, bua unatupa kule, jani unaweka hapa. Ni kazi rahisi na nilikuwa mzembe. Alinionyesha mara moja kwa mikono, akarudi kwenye mchi wake. Majirani walipita, wanawake wa nyuma ya yale mapazia niliyokuwa nahutubia. Walinisalimu, wakaniona na majani mapajani, wakaendelea na safari zao. Mmoja alichukua fungu akakaa nami akachambua, akaondoka. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Hakuna aliyeniuliza kabila, wala kazi, wala nimefuata nini. Nilikaa zaidi ya saa nzima, na kwa mara ya kwanza kwenye safu ile nilijisikia nina haki ya kuwapo.

Niliona, na niliona vizuri, kwamba nilikuwa napokewa. Na aliyekuwa ananipokea hakuhitaji daftari.

Rundo lilipofika nusu ndipo Mama Neema alipozungumza, bila kuulizwa, macho kwenye kinu. Alisema tangu avuke mpaka amesimulia habari zake mara nyingi kupita hesabu. Kila meza ina mtu, na kila mtu ana kalamu. Na kila mara lazima maneno yafanane na ya mara ya kwanza, maana yakipishana kidogo tu, unaonekana mwongo. Kwa hiyo ameyashika hivyo hivyo kama sala, hayaongezi wala hayapunguzi, na kuyasema kunamchosha kuliko kutwanga. Alikuja kwetu akidhani amepata mahali pa kufanya kazi na wengine. Akakuta meza nyingine.

“Weye ulinipokea muzuri, dada. Chai ilikuwa muzuri,” alisema. “Lakini ulitaka kujua miye yote. Na miye nikujue nini? Jina yako tu.”

Hotuba yangu yote iliyeyuka. Nilisema tu, “Nisamehe, mama.” Akasema haya, umalize majani.

Niliondoka na vidole vya kijani. Sikumwomba arudi. Nilimwambia tu tunakutana Jumamosi, kama kawaida, na kwamba daftari halitakuwapo. Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja. Nilitembea hadi barabarani nikijisikia mwepesi na mjinga kwa wakati mmoja.

Sasa mimi nina sifa moja ambayo adui zangu pia wanaikubali: nikijua nimekosea, sikawii. Alhamisi nilimfuata Nalongo kwenye mkaa wake nikamwambia alikuwa na haki. Alifurahi mno, akamwita jirani aje asikie nikirudia. Tukakaa tukapanga upya. Nalongo alileta wazo la kazi ya mikono: mwenye shule hupikia watoto uji wa karanga, na karanga zinakuja na maganda, gunia zima. Tungezimenya wote, wageni na wenyeji, wakati tunazungumza. Wazo langu lilikuwa la pili, na nalidai hapa hadharani kabla Nalongo hajaliiba. Nilisema wageni wasihojiwe kabisa. Wao ndio watuhoji. Sisi wenyeji tujibu, chochote watakachouliza, na wao wakitaka kusema habari zao watasema siku wakitaka, au wasiseme kamwe.

Nalongo alicheka akasema nitajuta.

Leo asubuhi mvua ilipoanza kupiga bati, nilijua hakuna atakayekuja. Nilifika darasani nimelowa hadi kwenye soksi. Nilirudisha twiga ukutani, nikatandika mikeka ya plastiki, nikamwaga karanga katikati. Saa tatu na nusu tulikuwa watano, wote wenyeji, pamoja na Patience ambaye sasa namhesabu mwenyeji. Tukaanza kumenya.

Saa nne kamili aliingia Mama Neema, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Nyuma yake walikuwa wanawake wawili wa safu ya chini. Mmoja nilimtambua, ndiye aliyekaa nami kuchambua majani. Niliwapa chai, nikawaonyesha karanga, na sikusema neno jingine. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kunyamaza.

Walikaa. Walimenya. Kisha Nalongo akatangaza utaratibu mpya kwa kile Kiswahili chake, kwamba leo wageni ndio wakubwa, waulize wanavyotaka.

Walianza kwa Nalongo mwenyewe. Walimuuliza kama amewahi kuogopa. Akasema kila siku, hasa panya. Walimuuliza kwa nini hajachoka na kikundi. Akasema amechoka zamani, ila nyumbani kuna mapacha na mume, hapa ndipo anapumzika. Tulicheka hadi karanga zikamwagika. Patience aliulizwa kama baba yake anajua anapita kwenye maji machafu na vile viatu. Hajui. Niliwaangalia wale wanawake wawili mabega yakishuka, nikajipongeza kimoyomoyo. Nilijiona tena yule Akello anayejua kupokea watu.

Ndipo Mama Neema akageuka kwangu.

“Na weye, dada Akello? Nini ilikuleta huku?”

Ni swali langu. Ni lile lile ninalowauliza wote, kwa sauti yangu nzuri ya Jumamosi. Miaka sita, na hakuna aliyewahi kunirudishia. Nilikuwa na jibu tayari, ninalo siku zote, hata redioni nimelitoa: napenda kuona watu wa kawaida wanapata haki yao. Ni kweli kabisa. Na nilipofungua mdomo kulisema, nikaona macho ya Mama Neema, yakiningoja bila haraka, kama alivyoningoja nijifunze kuchambua majani.

Nilijua pia kwamba nikisema kweli, huenda akaondoka tena, na safari hii na wale wawili. Orodha ya Alhamisi itabaki nyeupe, na vyumba thelathini na kitu vitavunjwa vikiwa havina majina, kwa sababu ya mdomo wangu. Patience alikuwa ananitazama. Nalongo aliacha kumenya. Nilichukua karanga moja nikaishika bila kuifungua.

Nikasema.

Niliwaambia baba yangu alikuwa polisi. Niliwaambia kwamba nilipokuwa na miaka kumi, kulikuwa na mtaa uliovunjwa, mtaa gani baba hakuwahi kutaja, na yeye alikuwa miongoni mwa waliosimama kulinda wavunjaji wa mwenye ardhi. Jioni alirudi kambini amebeba mlango kichwani. Mlango mzuri, wa mbao, wa rangi ya bluu. Alisema ulikuwa umelala chini, hauna mwenyewe. Jiko letu halikuwa na mlango, likapata.

Kwa upande wa ndani, mlango ule ulikuwa na mistari ya penseli. Mtu alikuwa anapima watoto wake. Kando ya kila mstari kuna jina, na majina ni matatu: Sauda, Kizza, na wa chini kabisa, Bebi. Sauda anapanda na kupanda, mistari minane. Bebi ana mmoja tu.

Mama yangu aliipaka rangi mistari ile mara mbili, ikarudi. Mimi nilikuwa namaliza kazi za shule nikiitazama. Niliwahi kujipima. Nilikuwa karibu sawa na Sauda, kidole kimoja tu juu yake, na nilifurahi kwamba nimemshinda. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa mtoto aliyejua kusoma, na nilijua mlango una watu. Kila jioni nilikaa mezani nikimwandikia baba maneno ya watu bila kupoteza hata moja, na nyuma ya mgongo wake majina matatu yalikuwa hayana wa kuyauliza.

Baba ameshafariki. Nampenda, na nilisema hivyo pia, maana ni kweli. Alikuwa mpole nyumbani, alituchania nywele mama alipokuwa kazini. Na alibeba mlango ule.

Nilipomaliza, mvua ilikuwa bado inapiga bati. Mmoja wa wale wanawake wawili alikuwa ameweka mikono mapajani, hamenyi tena. Nilifikiri sasa hivi atasimama aseme ameacha chungu motoni. Machozi yalikuwa yananishuka na nilikuwa natafuta kitambaa kwenye mkoba ambao kwa mara ya kwanza haukuwa na daftari, wala kitambaa.

Mama Neema alinisogezea pembe ya kitenge chake.

“Usiogope,” alisema. “Miye siandikake.”

Nalongo ndiye aliyeanza kucheka, lile cheko lake la kukohoa. Kisha Patience. Kisha yule mwanamke mwenye mikono mapajani alicheka akafunika mdomo, akachukua karanga nyingine. Mimi nilicheka nikilia, na kamasi juu ya kitenge cha watu. Sijui kama kuna mgeni yeyote niliyempokea mimi aliyewahi kujisikia kama nilivyojisikia mimi pale. Natumaini yupo. Sina uhakika.

Baada ya hapo tulimenya gunia lote. Karibu na saa saba Mama Neema aliomba karatasi za safu ya chini. Alizisoma upande na upande. Akasema zitajazwa kesho, “kisha ya misa”, yaani misa ikiisha, na kwamba watu wataandika “bo benyewe”, kila mmoja kwa mkono wake mlangoni pake, na asiyejua kuandika ataandikiwa na mtoto wake. Nakala moja itabaki ndani ya nyumba. Hakuna mtu wa nje kushika kalamu. Aliniambia nije, lakini kazi yangu ni kubeba maji ya kunywa. Nilisema sawa. Patience aliniangalia kwa mshangao, kwa sababu hajawahi kunisikia nikisema sawa kwa haraka hivyo.

Je, safu ya chini itafungua kesho? Nadhani itafungua. Hapana, nasema itafungua. Wale wanawake wawili wameshapeleka habari, na habari ya askari aliyebeba mlango kichwani inasafiri haraka kuliko karatasi yangu yoyote. Alhamisi tutaingia kwenye ule mkutano na majina yote, ya juu na ya chini. Sijui watatuamulia nini. Najua hakuna atakayesema hapakuwa na watu.

Na kuanzia sasa wageni wa kikundi chetu watapokelewa hivi hivi. Mikono kwanza, maswali yawe yao, na sisi tujibu hata yanayouma. Daftari jeusi nimeliweka juu ya kabati. Nitamrudishia kila mtu ukurasa wake, aamue mwenyewe aufanyie nini. Nilianza na Mama Neema leo alipokuwa anaondoka. Nilimpa ule wa kwake, niliokuja nao mfukoni, mistari mitano na saa ya kuondoka. Aliukunja mara nne, akaufanya kifuko cha majani ya chai niliyompa aende nayo.

Tulikuwa tumefika getini, mvua imepungua, anajifunika tena mfuko wake wa nailoni. Nilidhani tumemaliza. Akaniuliza swali la pili.

“Na ule mulango, iko wapi?”

Nikamwambia upo. Mama alipohama kambini aliuchukua, sasa uko Bwaise, kwenye jiko lake. Mafuriko yakija unavimba, anausukuma kwa bega. Mistari bado inasomeka.

Mama Neema alisema kwamba kesho tunagonga milango ya safu nzima, na Jumapili ijayo tutarudi safu za juu kuwapa majibu ya mkutano, na kwamba watu wa mitaa iliyovunjwa huwa hawaendi mbali sana, wanahamia bonde la pili. Sauda atakuwa mtu mzima sasa, mwenye umri kama wangu. Akasema, kama anavyomwagia mtu majani mapajani: “Basi tukipita, weye utauliza.”

Miaka ishirini na kitu nimeyajua majina yale, na haikunijia hata siku moja kwamba yanaweza kuulizwa.

Kwa hiyo kesho, kisha ya misa, nitakuwa kando ya reli na dumu la maji mkononi. Sauda, Kizza na Bebi. Hayo sihitaji kuyaandika popote.